Chaji iliishia Nyarubungo

Najua nimewatupa mkono kwa wiki tatu hivi na baadhi yenu mmeshaanza kunisema. Nilikuwa Kagera, pande za Ngara na Biharamulo. Leo nataka niwasimulie kilichonikuta huko, halafu niwarudishe nyuma miaka zaidi ya mia moja, maana kilichonikuta mimi kilishawakuta wengi kabla yangu. Vuta kiti.

Ni hivi: niliishiwa chaji njiani. Sisemi simu jamani, simu kila mtu anaishiwa. Nasema gari.

Rafiki yangu mmoja niliyesoma naye sekondari alikusanya akiba yake yote, akaongezea na mkopo, akanunua gari dogo la umeme lililokwishatumika Japani. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kati ya Ngara na Biharamulo watu wanasafiri kwa mchomoko, yaani yale magari madogo yanayojaza abiria mpaka wengine wanakaa kwa zamu. Madereva wote wanalia na bei ya petroli. Yeye akasema, "Mimi nitachomeka ukutani usiku, asubuhi naingia barabarani, wenzangu wanapanga foleni sheli." Nikamwambia huo ndio uandishi wa habari, nikafungasha begi nikapanda naye.

Betri ya gari lile ilipokuwa mpya ilibeba uniti 24 za umeme, uniti zilezile unazonunua LUKU. Lakini betri ni kama binadamu, inazeeka. Sasa hivi inabeba 16 hivi ikijitahidi. Tulipoondoka Ngara asubuhi ya Jumapili, kioo cha mbele ya usukani kiliandika kilomita 112. Tukajiambia Lusahunga tunafika, na pale kuna mtu wa kutuchomekea. Tulikuwa sita ndani, akiwemo mama mmoja wa makamo na gunia lake la maharage kwenye buti.

Mama yule alikuwa anakwenda Nyarubungo. Abiria ukimchukua unamfikisha, basi tukachepuka kuingia barabara ya vumbi. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Ukiteremka mlima, gari la umeme linajirudishia chaji kidogo. Ukipanda, linailipa na riba. Na milima ya kule mnaijua wenyewe mliopita. Kioo kikawa kinahesabu kama mtu mwenye haraka: 40, 31, 22. Halafu kikatokea kialama cha kobe. Ndiyo, kobe! Watengenezaji waliona hiyo ndiyo lugha nzuri ya kukwambia gari sasa linapunguza nguvu. Kobe wetu alitembea kama kilomita moja akalala. Ilikuwa saa nane mchana.

Kabla hatujajua la kufanya, kijana wa bodaboda akasimama. Akaangalia gari, akatuangalia sisi, akachomoa chini ya kiti chake chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa petroli.

"Kaka, mmeishiwa mafuta? Ninayo."

Rafiki yangu alicheka kicheko cha mtu anayetaka kulia. Mimi nilibaki naitazama ile chupa. Ukweli ni kwamba makala hii yote imetoka ndani ya chupa ile.

Hebu ifikirieni. Petroli ya lita moja na nusu ina nishati ya takribani uniti 13. Injini inapoteza sehemu kubwa kama joto, sawa, lakini nishati ile ipo, na kijana anaibeba chini ya kiti cha pikipiki. Betri ya rafiki yangu ilipokuwa mpya ilibeba uniti 24 na ina uzito unaozidi kilo 250. Chupa haihitaji nguzo wala transfoma wala fundi. Inahitaji mtu mmoja mwenye duka, au mwenye pikipiki, au mwenye kibao kilichoandikwa kwa mkaa "PETROLI IPO".

Sasa niwapeleke Ujerumani, Agosti 1888. Mwanamke mmoja, Bertha Benz, alichukua gari alilolitengeneza mumewe Karl, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akaondoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa wazazi wake. Ni kilomita mia moja na kidogo. Inasemwa mumewe hakuwa na habari. Hakuna mtu aliyekuwa amesafiri umbali ule kwa gari la injini. Na unadhani nini kilimkuta? Mafuta yalimwishia! Sheli hakuna, hata neno lenyewe halijazaliwa. Alipofika mji wa Wiesloch akaingia duka la dawa, akanunua kimiminika kilichokuwa kikiuzwa kwa kusafishia madoa ya nguo, jina lake ligroini. Akamimina, safari ikaendelea. Mpaka leo watu wa Wiesloch wanajisifu kwamba duka lao la dawa ndilo sheli ya kwanza duniani.

Angalieni kitu hicho kwa makini. Sheli ya kwanza haikujengwa. Ilikuwa duka la dawa lililokuwepo tayari kwa shughuli zake, likauza kitu kile kwa sababu nyingine kabisa. Gari la petroli lilipozaliwa lilikuta njiani kuna watu wenye chupa.

Wengi wetu tunadhani gari la umeme ni kitu cha juzi. Hapana wadau. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alivuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa akiwa kwenye gari la umeme lenye umbo la risasi, na alikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo barabarani. London ilikuwa na teksi za umeme mwaka 1897. New York vilevile, na wale wa New York walishafikiria mbali: teksi ikirudi kituoni, betri iliyokwisha inavutwa nje kwa mtambo na iliyojaa inasukumwa ndani, dakika chache gari linarudi kazini. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari 4,192. Kati ya hayo 1,681 yalikuwa ya mvuke, 1,575 ya umeme, na ya petroli 936 tu. Petroli ilikuwa ya mwisho!

Kwa hiyo nini kilitokea? Majibu ya vitabuni mnayajua. Mafuta mengi yaligunduliwa Texas mwaka 1901, bei ikaporomoka. Mwaka 1908 Henry Ford alileta gari lake la Model T, na kuanzia 1913 akalitengeneza kwa mstari wa kiwandani likawa rahisi. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ikaweka kiwashio cha umeme, watu wakaacha kuzungusha ule mkono wa chuma uliokuwa unavunja watu mikono. Yote ni kweli.

Lakini kuna jibu moja ambalo, nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa barabara ya vumbi Nyarubungo, nililiona kubwa kuliko hayo. Gari la umeme halikushindwa mjini. Mjini lilipendwa, lilikuwa kimya na halina moshi. Lilishindwa lilipotaka kutoka mjini. Katikati ya miaka ya 1930, huko huko Marekani, ni kama shamba moja tu kati ya kumi lililokuwa na umeme, ikabidi mwaka 1936 itungwe sheria maalumu ya kuwapelekea wakulima umeme. Sasa wewe una gari lako la umeme mwaka 1910, unataka kwenda kijijini kumwona mama. Utachomeka wapi? Duka la kijiji lina madebe ya petroli na mafuta ya taa. Soketi hakuna. Basi ukitaka gari la kwendea kijijini unanunua la petroli, na mwenye gari la petroli anaweza kulitumia mjini pia. Ndivyo lilivyokufa. Lililiuliza dunia swali dogo tu, "njiani kuna nini?", na jibu likawa "hakuna kitu."

Turudi Nyarubungo. Yule kijana wa bodaboda, baada ya kuelezwa mara tatu kwamba gari hili halinywi petroli, alikuna kichwa akasema, "Basi twendeni mashineni." Mashine ya kusaga, wadau. Akatafuta vijana wanne na watoto wasiohesabika, tukasukuma. Mama mwenye maharage alishuka akatembea mbele yetu kama anaongoza maandamano, gunia akaliacha ndani. "Nimelilipia nauli," alisema.

Mwenye mashine alikuwa mama mmoja mtaratibu, mikono imejaa unga. Tukamwamkia, tukamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Linakula uniti ngapi?" Tukamwambia tunaomba 12. Akapiga hesabu kwa kichwa. Kwa umeme wa biashara ni shilingi elfu nne na kidogo. Akasema leta elfu tano, lakini kina mama waliokuja na mahindi kwanza.

Na hapo nikajifunza fizikia ambayo sikuielewa shuleni. Mashine ya kusaga ina umeme wa fezi tatu, na mota yake inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa mpigo. Kila ilipowashwa, chaja yetu ilikata. Inabidi uichomoe uichomeke upya. Kwa hiyo tulipanga foleni na madebe ya mahindi. Mama akisaga, gari linangoja. Mama akimaliza, gari linakula. Rafiki yangu, mwenye gari la kisasa, alikuwa wa nne nyuma ya debe la bibi mmoja aliyetoka kanisani.

Soketi ya kawaida inatoa kama uniti mbili na robo kwa saa. Piga hesabu mwenyewe. Tulikuwa na saa tano za kukaa, ukiacha zile za kupisha mahindi.

Katika kukaa huko ndipo tulipompata mzee. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mashine, fimbo katikati ya magoti. Tukampa shikamoo. "Marahaba wanangu. Leo Jumapili, saa nane imepita, na nyie mna gari barabarani. Zamani mngelala ndani."

Vijana wenzangu, hii wengine hamuijui. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, Tanzania ilikuwa na amri kwamba Jumapili ikifika saa nane mchana, magari binafsi marufuku barabarani. Sababu ni mafuta. Bei ya mafuta duniani ilipanda mara nne kati ya mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974. Nchi haijapumua, Oktoba 1978 Idi Amin akavamia mkoa huuhuu wa Kagera, tukaingia vitani mpaka 1979. Mwaka huohuo mapinduzi ya Iran yakapandisha bei tena. Fedha za kigeni zikakauka. Wazazi wetu wanakumbuka foleni za sukari na sabuni. Madereva wanakumbuka foleni za dizeli.

Mzee yule alikuwa utingo wa lori miaka ile. Alitueleza walivyokuwa wakiteremka milima na injini imezimwa ili kuokoa mafuta, jambo ambalo liliua watu, alisema, na akataja kona kadhaa. Alitueleza walivyolala na gari siku nne wakisubiri dumu moja kutoka Kahama. "Siku hizo gari lilikuwa na injini na halina kitu cha kuliendesha," alisema. "Nyie lenu lina nini?" Tukamwambia lina betri. Akatingisha kichwa. "Ni yaleyale."

Ni yaleyale! Nikaanza kuirudisha nyuma historia ya njia zile kichwani, na kila nilipogusa nilimkuta mtu amekwama.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Nile pamoja na mwenzake James Grant, alipita pande hizi akitokea pwani. Chombo chake cha usafiri kilikuwa mabega ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu. Walipofika Uzinza wapagazi waligoma kwenda mbele, wengine wakatoroka. Speke ikambidi arudi mpaka Kaze, ndiyo Tabora ya leo, kutafuta watu wengine. Alikwama miezi. Alipofika Usui, eneo linaloangukia sehemu za Biharamulo ya sasa, mtawala Suwarora akamlipisha hongo, na hongo ya wakati ule haikuwa rushwa. Ilikuwa ada halali ya kupita, ya vitambaa na shanga na waya. Alimwona Mukama Rumanika wa Karagwe mwezi Novemba tu, zaidi ya mwaka mmoja tangu aondoke pwani.

Sasa mtaniambia mpagazi si betri. Lakini msafara ulikuwa na kipimo cha umbali kama gari lolote. Mpagazi anakwenda mbali kadiri kilipo chakula kinachofuata. Hakuna kijiji chenye ndizi na maji, hakuna safari. Mzungu aliandika kitabu akajitaja mwenyewe, ila safari iliwezekana kwa sababu ya mashamba ya wakulima ambao hakuna anayeyajua majina yao.

Au chukueni Benaco, kule Ngara. Jina hilo si Kihangaza wala Kishubi. Ni jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyoweka kambi pale na kuacha bwawa la maji. Mwisho wa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, wakikimbia Rwanda. Wakaishia wapi? Benaco, palipokuwa na maji. Kambi ile ikawa miongoni mwa kubwa kabisa duniani kwa wakati wake, mpaka wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa kwao Desemba 1996. Binadamu naye ana kipimo chake cha umbali, na siku ile kilipimwa kwa bwawa la wajenzi wa barabara.

Baada ya hapo zikaja silaha na ujambazi. Miaka ya mwisho ya 1990 na ile ya 2000, mabasi yalisubiriana yakapita misitu ile kwa msafara yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Mzee alisema enzi hizo kuishiwa mafuta porini hakukuwa jambo la kuchelewa. Lilikuwa jambo la kutofika. Alisema hivyo akanyamaza, na sisi hatukumwuliza zaidi. Leo sehemu kubwa ya pori lile iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, na tuliokaa pale mashineni tukicheka na watoto tulipaswa kushukuru.

Jua likaanza kuzama, rafiki yangu akawa hasemi. Najua alikuwa anafikiria mkopo. Nikataka kumpa moyo, nikamwonyesha taa iliyowaka mlangoni mwa mashine.

Maana hapo ndipo palipo na tofauti kati ya yeye na yule mtu wa 1910. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo hazikuwa kwenye gridi ya taifa. Zilikuwa na majenereta ya dizeli, na dizeli ililetwa kwa lori kupitia barabara zilezile. Ungekuwa na gari la umeme wakati ule ungekuwa unaendesha dizeli kwa kuzunguka! Lakini mwaka 2023 mitambo ya umeme wa maji ya Rusumo ilianza kuzalisha. Ni megawati 80, zinagawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Upande wetu umeme unasafiri kwa njia ya kilovolti 220 mpaka kituo cha Nyakanazi, huku huku Biharamulo. Maporomoko yaleyale watu waliyoyavuka juu yake mwaka 1994 wakikimbia, leo yanawasha taa.

Na huku vijijini, Wakala wa Nishati Vijijini ulioanza kazi mwaka 2007 umefikisha nguzo karibu vijiji vyote vya bara, vijiji 12,318. Nawaomba msomaji asiruke neno hilo: vijiji. Kijiji kuwa na umeme si kila nyumba kuwa na umeme. Mara nyingi maana yake ni zahanati, shule, duka mbili tatu, na mashine ya kusaga. Ila kwa mtu aliyeishiwa chaji, mashine moja ya kusaga inatosha.

Majirani zetu hawajalala. Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari lake la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, lenye uwezo wa kilomita 80 kwa chaji. Hapo Kigali, waendesha pikipiki za umeme hawasubiri chaji, wanabadilisha betri kituoni na kuondoka, yaleyale ya New York ya 1897. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Mambo yanakuja, tupende tusipende.

Lakini nawauliza, yatapita wapi? Tukisikia "vituo vya kuchajia" tunawaza Dar, Arusha, Dodoma, kwenye maegesho ya maduka makubwa yenye viyoyozi. Huko ndiko gari la umeme lilikoanzia mwaka 1900 pia. Likaishi vizuri sana mjini, halafu likafa, kwa sababu hakuna aliyefikiria kijiji cha njiani. Umeme wa Rusumo unapita juu ya vichwa vya watu wa Ngara na Biharamulo kwenda mbele. Magari ya watu wengine yamepita miaka yote mbele ya milango yao, na wao wamebaki kupunga mkono na kuuza mahindi ya kuchoma. Kama safari hii nao hawatakuwa na soketi ya kuuza, basi hatujasoma historia yoyote.

Tuliondoka Nyarubungo saa tatu usiku. Kioo kiliandika kilomita 79. Mama mwenye mashine alikataa kuongezewa hela, ila alitaka kujua jambo moja: "Mtarudi lini?" Rafiki yangu akadhani anamtania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshaona biashara. Alisema usiku mashine hailii, umeme upo, na mlango anafunga yeye.

Lusahunga tulifika saa nne na ushee bila kobe kutokea. Kesho yake asubuhi rafiki yangu alinunua waya mrefu wa soketi na daftari la kurasa 48. Siku tatu zilizofuata tulizunguka tukiuliza kila kijiji swali moja la ajabu, "Mashine yenu ya kusaga ni ya dizeli au ya umeme?" Za dizeli tuliziacha. Za umeme aliziandika: jina la kijiji, namba ya simu ya mwenye mashine, saa za kusaga, saa za kupumzika. Nilipoachana naye daftari lilikuwa na mashine saba, na ya kwanza kabisa ukurasa wa kwanza ni ya Nyarubungo. Kama mkopo utalipika sijui. Bado anadaiwa, na betri bado inazeeka.

Ila nilipolitazama daftari lile nilimkumbuka Bertha Benz ameingia duka la dawa na nguo zimejaa vumbi. Mwenye duka lile hakujua anauza nini siku ile. Yule mama wa Nyarubungo, kwa jinsi nilivyomwona anapiga hesabu, anajua kabisa.

Ni hayo kwa leo wadau. Ukipita kule na gari la namna hiyo, beba waya mrefu, amkia wazee, na usiruke foleni ya mahindi.